Madaftari Mia Moja Arobaini na Matatu

Mwaka ule wa kuingiza vitabu kwenye kompyuta, Epifania Nyoni alichoka kuwaeleza watu kwamba mashine haitafuti vitabu. Walimu wa chuo walikuja wakasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, wakatazama kioo cha bluu na kuuliza: inajuaje kitabu kiko wapi? Naye akawajibu bila kugeuka kwamba haijui. Haijawahi kuingia kwenye rafu hata siku moja. Inajua maneno yale tu ambayo mtu ameketi akaiandikia: jina la kitabu, jina la mwandishi, namba, somo. Ukiipa neno, inapita juu ya maneno hayo yote upesi kuliko jicho, na ikilikuta inakuletea. Isipolikuta, inasema hakuna.

"Na ikisema hakuna," akawaambia, "msiondoke mkadhani kitabu hakipo. Labda kipo, ila hakuna aliyeiambia."

Walimu walicheka, wakasema mama huyu sasa amekuwa mtaalamu. Hawakujua kwamba alikuwa anasema jambo aliloliogopa.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Mpitimbi, binti wa katekista aliyekuwa na vitabu vinne na akavifunga kwa kitambaa kama watu wengine wanavyofunga mkate. Masista walimsomesha mpaka darasa la nane. Mwaka sabini na saba akaajiriwa maktaba ya chuo hapa Songea, akapelekwa Dar es Salaam miezi tisa kujifunza kazi, akarudi na mwandiko ule ambao mpaka leo wazee wa chuo wanaukumbuka: herufi zimesimama wima, hazigusani, kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Kwa miaka ishirini na sita kila kitabu kilichoingia maktaba ile kilipita mikononi mwake, akakiandikia kadi, akaipanga kadi katika droo za mninga alizochonga fundi wa misheni. Mume alimfia mapema. Mtoto wake mmoja, Osmund, alikulia chini ya meza ya kadi, kisha akaenda Mbeya kutafuta maisha, na barua zake zikawa fupi mwaka hadi mwaka.

Katika kadi zote hizo, zipo alizozipenda kuliko nyingine. Mwaka sabini na tisa walimu wa elimu ya watu wazima walizunguka vijiji vya mkoa mzima kukusanya madaftari ya watu waliokuwa wakiandika mambo ya kijiji: makarani, makatekista, mabwana shamba, waganga wa zahanati. Waliyaleta katika makasha ya sabuni. Yalikuwa mia moja arobaini na matatu, mengi hayana jalada, na hakuna hata moja lenye jina. Kila moja walilipiga namba kwa kadiri lilivyofika, wakaondoka. Epifania aliyasoma yote. Ilimchukua miaka miwili, mchana baada ya kazi, akisoma mpaka mwisho kabla hajagusa kadi. Kisha akaandika: kijiji, mwaka, mwandishi kama anajulikana, na kilichomo ndani. *Ukoo wa nani ulihamia wapi. Ndui ya mwaka fulani. Ugomvi wa kisima.* Kadi hizo alizipanga kwa majina ya vijiji, katika droo ya mwisho chini kulia. Hakuna aliyemwagiza. Mtu akija kuulizia habari ya kwao, Epifania alikuwa akivuta droo ile kabla mtu hajamaliza kueleza.

Halafu mambo yakageuka. Soko huria likaingia kila mahali, mpaka kwenye maktaba. Viwanda viliuzwa, mashirika yakafungwa, na kila mwezi wa Juni, wakati baridi ya milima ya Matogoro inaposhuka mjini, ofisi zilibandika orodha ya wanaopunguzwa. Watu walijifunza kusoma orodha hizo kuanzia katikati, maana kuanza na herufi yako mwenyewe kulihitaji moyo.

Mwaka elfu mbili na mbili wafadhili walileta kompyuta sita, dishi la kwenye paa, na msichana anayeitwa Judica, mtu wa Arusha, miaka ishirini na sita, aliyevaa suruali na kuamkia wazee kwa magoti nusu. Judica alileta pia karatasi moja ya maelekezo. Sehemu zenye nyota lazima zijazwe: jina, mwandishi, namba, mahali. Zisizo na nyota zinaweza kungoja. Kitabu kisicho na jina, andika aina yake. Mwandishi asiyefahamika, andika *Hajulikani*.

Epifania aliishika kazi ile upesi kuliko vijana watatu waliowekwa pamoja naye. Ndani ya miezi kumi aliingiza vitabu elfu tisa, na vyote alivijazia somo, ingawa sehemu ya somo haikuwa na nyota. Akabakiza madaftari. Siku alipoyaanza, Judica alipita nyuma yake akasimama.

"Mama, mbona hapa umeacha wazi?"

"Patajazwa."

"Haya hayana majina. Yote umeandika Daftari, Daftari, Daftari. Bila somo mtu atayapataje?"

"Ataniuliza mimi."

Judica akacheka. "Na ukiwa likizo?"

"Sijawahi kwenda likizo."

Alilisema kama utani, na Judica alilichukua kama utani. Lakini Epifania alikuwa amekwisha kuliwaza usiku kadhaa. Vitabu elfu tisa alikuwa amevihamisha kutoka kwenye droo zake kuviingiza kwenye mashine, na kila alipohamisha kimoja alijiona amepungua kidogo. Juni ilikuwa inakaribia. Akajiambia kwamba haya mia moja arobaini na matatu ayaache yalivyo, yabaki kwake. Mkubwa wa maktaba, Bwana Polikarp, anajua kwamba watu wa wilayani wanakuja kuyaulizia. Atamwondoaje mtu pekee anayeyafahamu? Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, mara mia moja arobaini na tatu, sehemu ya somo ikiwa tupu.

Orodha ilibandikwa tarehe kumi na tisa. Jina lake lilikuwa la nne.

Bwana Polikarp alimwita ofisini, akamshukuru kwa kumaliza kazi ya kompyuta kabla ya wakati. Ndivyo alivyosema: kabla ya wakati. Madaftari hayakutajwa. Epifania akakabidhi funguo, akatia sahihi. Droo za mninga zilikuwa zimekwisha kubebwa kwenda ofisi ya mitihani, na kadi zake zilikatwa vipande, wanafunzi wakawa wanaandikia namba zao za mtihani upande wa nyuma. Droo ya chini kulia ilikuwa bado. Akazitoa kadi za madaftari, akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye kikapu chini ya sweta lake, akatoka. Hakuna aliyemwuliza.

Bombambili, anakokaa, alianza kukaanga maandazi ya kuuzia wanaopita asubuhi kwa baiskeli kwenda kazini. Mkaa wa msimu ule ulikuwa na unyevu. Kadi ngumu ya manila inawaka polepole, haina moshi mwingi, inatosha kushika vijiti na vijiti vikashika mkaa. Asubuhi ya kwanza alipochomoa kadi moja kutoka nyuma ya fungu alikuwa na hasira. Asubuhi ya pili hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. Baada ya hapo ikawa desturi: kadi moja, kiberiti, maji ya uso. Hakuwa akizisoma. Alikuwa akizishika kwa ncha kama mtu ashikaye kitu cha watu.

Hivyo zikaenda hamsini na tano. Asubuhi ya hamsini na sita kiberiti kilikataa mara mbili, na katika kungoja macho yake yakaangukia maandishi: *Mpitimbi. Daftari la katekista. Watoto waliobatizwa wakati wa njaa.* Akakaa chini kwenye kigoda. Akairudisha ile kadi kwenye fungu, akafunga mpira, akaweka fungu juu ya kabati. Tangu siku ile akawashia jiko kwa maganda ya mahindi.

Mwaka na ushee ukapita.

Jumatatu moja ya Oktoba, saa sita mchana, aliona Judica anakuja kwa miguu, amefuatana na mwanamke mrefu aliyevaa kanga mbili za rangi moja, kapu amelikumbatia kifuani kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuletea mgeni," Judica akasema, akatazama chini. "Anaitwa Stumai. Ametoka Nakapanya, kule Tunduru. Nimeshindwa kumsaidia."

Stumai alikuwa mtu wa makamo, sauti yake imekauka kwa vumbi. Alisalimia kwa heshima, akakataa kigoda, kisha akakubali. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya Landrover. Akaeleza shida yake bila kuizungusha.

Mama yake, Tabu binti Saidi, alikuwa na mikorosho. Aliipanda kwa mkono wake mahali walipokaa zamani, kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka wa sabini na nne. Kwa miaka mingi hakuna aliyeijali. Bei ya korosho ilikuwa ya kulia, mahame yakaota msitu. Sasa wanunuzi wa watu binafsi wanakuja na malori, na mtoto wa shemeji yake mama, mmoja anaitwa Mussa, amerudi kutoka Dar es Salaam akisema mikorosho ilikuwa ya baba yake. Baraza la kata linakaa Ijumaa kuamua nani aokote msimu huu na misimu yote.

"Wazee walioona wamekufa," Stumai akasema. "Amebaki mama, na mama ndiye mwenye kesi, hawamsikilizi. Lakini siku ya kuhama karani wetu, Bwana Leonce, aliandika kila nyumba na miti iliyoiacha. Baba alikuwa kwenye mkonge Tanga. Karani akamwandika mama kwa jina lake mwenyewe. Mama alisimama pale akaona kalamu inakwenda. Na Bwana Leonce kabla hajafa alituambia, madaftari yangu walichukua walimu wa Songea. Nikasema basi, inshallah, yapo."

"Yapo," Epifania akasema.

"Huyu binti amenionyesha kwenye mashine. Tumeandika Nakapanya, ikasema hakuna. Tumeandika mikorosho, ikaleta vitabu vinne vya bwana shamba. Tumeandika daftari, ikaleta mia na ngapi sijui, yote Daftari, Hajulikani, Daftari, Hajulikani." Stumai akatikisa kichwa. "Kumbe nayo ni kama karani wa kata. Usipoijua lugha yake, haikujui."

Judica alikuwa anamtazama Epifania. Hakusema kitu juu ya ile sehemu iliyoachwa wazi. Ingekuwa nafuu kama angesema.

Kazi ya kutafuta ilianza palepale, juu ya mkeka. Epifania alishusha fungu la kadi kutoka juu ya kabati na kusema tu kwamba hizi ndizo zilizobaki, nyingine zilipotea. Zilikuwa themanini na nane, kuanzia vijiji vya A mpaka Mpitimbi, na kila moja ilikuwa na namba ya daftari lake. Akachukua karatasi, akaandika namba moja mpaka mia moja arobaini na tatu, akakata kila namba iliyokuwa na kadi. Zikabaki hamsini na tano. Nakapanya imo katika hizo hamsini na tano, maana kadi yake haikuwapo. Stumai alifuata kidole chake mpaka mwisho.

"Hamsini na tano si nyingi," akasema. "Tunayafungua yote leo, tumemaliza."

"Hairuhusiwi," Judica akasema.

"Nini hairuhusiwi?"

"Msomaji anapewa matano kwa siku. Na chumba cha makasha haingii mtu. Ni utaratibu mpya, tangu vitabu vianze kuibiwa. Ukijaza karatasi ya maombi, unaandika namba kama ilivyo kwenye kompyuta, mimi nakuletea."

"Nikiomba la sita, litaniuma?"

"Litaniuma mimi, dada. Bwana Polikarp anahesabu karatasi kila jioni. Juni hii wamepunguza wawili." Judica alilisema taratibu, na Epifania akautambua ule woga kama mtu anavyotambua nguo yake iliyovaliwa na mwingine.

"Basi mimi niombe matano yangu," Epifania akasema. "Yawe kumi."

"Kitambulisho cha msomaji kinataka barua ya mwajiri, mama."

Maandazi yaliyobaki kwenye sufuria yalikuwa yamepoa.

Landrover ya kurudi Tunduru ilikuwa inaondoka Alhamisi alfajiri. Siku tatu, madaftari kumi na matano. Ilibidi kuchagua, na wa kuchagua alikuwa mmoja tu. Epifania akafumba macho. Aliyaona makasha ya sabuni yakishushwa kwenye lori, akaona kasha moja limelowa, na mwalimu akilalamika juu ya mto uliofurika. Mvua ilikuwa ya masika. Tunduru ndiko wanakovuka mito mikubwa. Kasha lililolowa lilikuwa katika safari ya tatu au ya nne, kwa hiyo namba zake ni za katikati, sitini kwenda themanini na kitu. Katika hizo, kumi na tano hazikuwa na kadi.

"Zimetosha kabisa," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhi funguo alijisikia kama mtu aliyevuta droo.

Jumatatu ile mchana Stumai alijaza karatasi, akaletewa matano. Epifania hakuruhusiwa kukaa kwenye meza za wasomaji, akasimama dirishani kwa nje. Stumai akawa anayainua moja moja kioo kikiwa kati yao, naye akiitikia kwa kichwa. Namtumbo. Tingi. Zahanati fulani ya Ruanda. Namtumbo tena. La tano lilikuwa la bwana shamba asiyetaja kijiji, limejaa mvua na tumbaku.

Jumanne, la pili kufunguliwa lilikuwa la Mtina. Mtina ni Tunduru. Stumai alinyanyuka kwenye kiti, akaliweka lote kwenye kioo cha dirisha, na Epifania akacheka peke yake huku nje, akajishika mdomo. Alikuwa sahihi. Kichwa chake kilikuwa bado kinafanya kazi. Jioni, wakitembea kurudi Bombambili, Stumai alimwambia:

"Mama Osmund, wangekuacha kwenye kiti chako, mimi ningekuwa nimekwisha kurudi nyumbani."

"Wangeniacha," Epifania akaitikia.

Walilala chumba kimoja. Stumai aliswali kwenye kona, kisha akamsimulia habari za mama yake: sasa haoni vizuri, lakini anajua hesabu ya miti yake, kila safu na jina lake, safu ya kisimani, safu ya Mzee Ali, na ile ya mtoto aliyekufa. "Akisinzia tunamwuliza ngapi? Anasema sitini na mmoja. Anaendelea kusinzia."

Jumatano walikwenda mapema. Matano ya mwisho. Epifania dirishani aliona kila moja likifunguliwa na kufungwa. Namasakata, Tunduru vilevile, lakini lilikuwa la mwalimu wa madrasa. Halafu Peramiho. Halafu Songea mjini. Halafu la katekista mwenye mwandiko wa sindano. La mwisho Stumai alilifungua polepole, akalisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaenda mpaka mwisho. Kisha akayapanga yote matano, akayasawazisha pembe kwa viganja, akayarudisha kwa Judica kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Walikaa kwenye ngazi za maktaba. Wanafunzi walikuwa wanapita kati yao.

"Baraza haliwezi kungoja?" Epifania akauliza.

"Korosho zinaanguka. Mussa ameshaleta waokotaji. Wazee wa baraza wamesema Ijumaa mwenye karatasi alete, asiye na karatasi apatane." Stumai alikuwa anafunga na kufungua pindo la kanga. "Umejitahidi, mama. Mungu akuzidishie."

Lile dua ndilo lililomshinda.

"Kadi hazikupotea," Epifania akasema. "Nilizichoma. Kila asubuhi moja, nikiwashia jiko. Ya kwenu ilikuwa kati ya zile za mwisho, nimehesabu, siku nne kabla sijaacha. Na kwenye mashine niliacha wazi mimi mwenyewe. Yule binti aliniambia jaza. Nilikataa ili wasiniondoe."

Stumai hakugeuka. Kengele ya chuo ikagonga, wanafunzi wakaisha njiani.

"Ulizisoma kabla ya kuzichoma?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hukujua."

"Kuchoma sikujua. Kuacha wazi nilijua."

"Na wao wakakuondoa vilevile."

"Vilevile."

Stumai akainuka, akajikung'uta vumbi. "Mama Osmund, mimi nilikuja kutafuta daftari. Mwenye kosa sikumtafuta. Sasa nimempata, na sijui nimpeleke wapi."

Usiku ule alilala kwa Epifania vilevile, maana hakuwa na kwingine, na alfajiri aliaga vizuri, akachukua maandazi manne ya njiani akasisitiza kuyalipia. Epifania alisimama mpaka taa nyekundu za Landrover zikazama kwenye vumbi.

Novemba Judica alikuja tena. Wafadhili walikuwa wanatuma mkaguzi, na katika kutazama katalogi kutoka huko kwao waliona vitu mia moja arobaini na vitatu vyenye jina moja. Bwana Polikarp alitaka vitengenezwe. Fungu la mshahara hapakuwa nalo. Ingekuwa kwa kujitolea.

"Nilimwambia hutakubali, mama," Judica akasema. "Ningekuwa mimi nisingekubali."

"Nije kesho?" Epifania akauliza.

Akapewa kiti, si kile chake, na ruhusa ya maandishi ya kuingia chumba cha makasha. Alianza na namba moja. Safari hii hakuacha kitu. Kijiji, mwaka, mwandishi, majina ya koo, mito, magonjwa, mazao, kila neno ambalo mtu wa kijiji kile angeweza kuja nalo mdomoni aliliandika, mpaka sehemu ya somo ikajaa na mashine ikakataa, akamwomba Judica aipanue, Judica akaipanua.

Siku ya nne akavuta namba kumi na saba. Lilikuwa daftari kubwa la mistari, kavu, karatasi zake hazijawahi kugusa maji. Ukurasa wa kwanza karani alikuwa ameandika kwa wino wa zambarau: *Kijiji cha Nakapanya. Miti iliyoachwa. L.* Alifunua mpaka ukurasa wa ishirini na mbili. *Tabu binti Saidi, mwenyewe. Mume yuko Tanga. Mikorosho 61. Miembe 2. Kisima 1.*

Alikaa nalo mapajani. Lilikuja safari ya kwanza, wakati wa kiangazi, pamoja na mengine ya mwanzo kabisa. Kasha lililolowa alilokumbuka lilitoka kwingine. Yale mawili ya Tunduru yaliangukia humo kwa bahati tu. Kile alichokuwa amekificha kichwani mwake ili wasimwondoe, hata kichwani hakikuwamo.

Akarudi kwenye mashine, akaandika yote: Nakapanya, Tunduru, kuhama, mahame, mikorosho, Tabu binti Saidi. Akahifadhi. Kisha akafanya kama msomaji, akaandika *mikorosho Nakapanya* kwenye kile kisanduku cha juu, akabonyeza. Kabla hajaondoa kidole, jibu lilikuwa limekuja. *Imepatikana: 1.*

Ukurasa ule aliutoa kopi, Judica akaugongea mhuri, na dereva wa Landrover akaubeba ndani ya bahasha. Jibu lilichukua wiki tatu. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule:

"Mama Osmund, nimepokea. Tuligawana Ijumaa ile ile mbele ya watu, yeye safu za kisimani, sisi zilizobaki, nami nikatia sahihi kwa niaba ya mama. Siwezi kurudi nikaikana sahihi yangu. Safu zake amekwisha kuzikata, anataka kulima ufuta. Karatasi uliyoleta nimemsomea mama jina lake, na hesabu yake. Akaniambia rudia. Nikarudia. Nilipotaka kusoma mara ya tatu akaniambia basi."